Kabla ya Kupanda Elgon, Uliza Utalala Wapi

Simu iliita saa nane za usiku. Kwa kawaida huizima nikienda kulala, lakini usiku ule niliiacha wazi kwa sababu mwana wa kakangu alikuwa mlimani. Aliyepiga hakuwa yeye. Alikuwa mwongozaji wao, kijana wa Kisabaot kutoka upande wa Endebess, na maneno yake yalikuwa machache: "Mama, huyu kijana wako tunamshusha. Anatembea kama mlevi, na hajaonja kitu."

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili hapa Misikhu, soko dogo lililo kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, kaunti ya Bungoma. Nauza leso, madira na viungo. Asubuhi isiyo na mawingu, nikifungua duka nauona mlima Elgon, ambao wenyeji Wabukusu huuita Masaba. Ukiutazama kutoka hapa hauogopeshi. Hauna ncha kama Mlima Kenya wala theluji kama Kilimanjaro. Umekaa kama sinia lililofunikwa, mpana, mtulivu. Labda ndiyo maana wengi huudharau.

Tangu usiku ule jamaa na marafiki wa Pwani hunipigia simu kila likizo inapokaribia. Vijana wa Mombasa, Malindi na hata Lamu sasa wanapenda kupanda milima, jambo ambalo enzi zetu lilikuwa la Wazungu. Wananiuliza nauli, wananiuliza viatu, wananiuliza kama kuna simba. Ni nadra sana mtu kuniuliza swali lililo kubwa kuliko yote: usiku tutalala wapi, na hapo mahali pana kimo gani? Makala haya nayaandika kwa ajili ya swali hilo.

Yaliyomkuta kijana wetu

Ilikuwa Disemba. Vijana watano waliondoka Mombasa kwa basi la usiku. Siku ya pili walifika kwangu, wakala pilau, wakalala. Alfajiri ya siku ya tatu gari la kukodi likaja kuwachukua. Aliyewapangia safari alikuwa amewauzia safari ya siku mbili mlimani, bei nafuu. Walipita Kitale, wakapita Endebess, wakaingia mbugani kwa lango la Chorlim. Badala ya kutembea, waliendelea na gari hadi njia inapokomea, kwenye vilima vya nyasi na ubaridi, kiasi cha mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo wakapiga hema.

Hesabu mwenyewe. Kijana aliyezoea hewa ya Majengo, mahali ambapo bahari ikijaa unaisikia, ndani ya siku mbili na kitu amelazwa mita 3,500 juu. Miguu yake haikufanya kazi yoyote. Gari ndilo lililopanda.

Jioni kichwa kikaanza kumuuma. Wenzake wakasema ni malaria, maana Bungoma na Pwani sote tunaijua malaria, na kichwa kikiuma ndiyo hushukiwa kwanza. Akapewa dawa ya maumivu. Akatapika. Aliyewapangia safari akamwambia alale, asubuhi ataamka mzima. Ni yule mwongozaji aliyemtoa hemani na kumwambia atembee kwenye mstari mmoja, kisigino kiguse kidole, hatua kumi. Hakuweza hatua tatu. Bahati yao gari lilikuwa limelala hapo hapo kambini. Wakamshusha usiku ule ule, kwenye utelezi na giza, na walipofika karibu na lango alikuwa ameanza kuuliza maji na kuwajua wenzake kwa majina. Hospitalini Kitale walimpa hewa ya oksijeni, wakapima malaria, hakuwa nayo.

Kijana huyu ni mchezaji wa mpira, ana pumzi za dakika tisini. Msomaji, nakuomba ulishike hilo. Maradhi ya kimo hayachagui mnene wala mwembamba, mzee wala kijana. Tena vijana wenye nguvu ndio huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaokimbilia juu.

Hewa ni ile ile, msukumo ndio unaopungua

Watu husema juu mlimani oksijeni hakuna. Si sawa. Kila mahali, ufukweni na kileleni, oksijeni ni kama sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa. Kinachopungua ni uzito wa hewa yenyewe. Sisi tunaokaa kandokando ya bahari tuna bahari nyingine ya hewa juu ya vichwa vyetu, nayo inaisukuma oksijeni kuingia mapafuni. Kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu yako ni chache, na msukumo unalegea. Ukiwa mita 3,500, kila pumzi inakupa kiasi cha thuluthi mbili tu ya oksijeni uliyokuwa ukiipata Mombasa. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, unapata kama nusu.

Mwili una njia zake za kujisaidia. Kwanza unapumua kwa kasi. Lakini kupumua kwa kasi kunaivuruga damu, na figo ndizo zinazoirekebisha kwa kutoa ziada kwenye mkojo. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ukiona unakwenda haja ndogo mara kwa mara mlimani, shukuru, mwili unafanya kazi yake. Kuongeza chembe nyekundu za damu huchukua wiki.

Basi kwa nini nasema habari yote iko kwenye kulala? Kwa sababu usiku pumzi hupungua. Ukiwa macho unaweza kuhema. Ukilala mwili unajiendesha wenyewe, na oksijeni ya damu hushuka chini kuliko mchana. Ndiyo maana mtu anaweza kufika juu saa nane mchana akapiga picha, akacheka, halafu akazidiwa saa sita usiku. Mlima unakupima kwa kitanda chako kuliko unavyokupima kwa hatua zako.

Wazamiaji wetu wanajua kwamba ukitoka kilindini na mtungi wa hewa mgongoni huruhusiwi kupanda kwa pupa. Unasimama, unangoja, ndipo unapanda tena. Sababu za mlimani ni nyingine, ila adabu ni moja. Kambi za mlimani ndivyo vituo vya kungojea.

Kanuni wanayoifuata madaktari wa milima ni rahisi kuikariri. Kutoka usawa wa bahari, usiku wa kwanza usiulalie juu ya mita 3,000 hivi. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Na kila baada ya siku tatu au nne, lala usiku mwingine pale pale ulipo. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukatembea, mradi urudi kulala chini.

Ngazi za Elgon

Februari iliyofuata nilikata shauri kwenda mwenyewe. Nina miaka hamsini na tatu na magoti yangu si mazima, lakini nilitaka kuona ni wapi walipokosea. Nilikwenda na wanawake wawili wa hapa sokoni na mwongozaji yule yule. Tulichukua siku saba.

Usiku wa kwanza tulilala Kitale, mji ulio karibu mita 1,900. Kwangu mimi niliyekaa Misikhu miaka mingi hilo lilikuwa jambo dogo, lakini kwa anayetoka Pwani usiku huo ni wa maana sana, asiuruke.

Usiku wa pili na wa tatu tulilala karibu na lango la Chorlim. Upande huo wa mbuga Shirika la Wanyamapori lina vibanda vya Kapkuro na viwanja vya kupiga hema: Chorlim, Nyati na Rongai. Ni mahali pa miti mikubwa, mbega weusi wenye mikia myeupe wanarukaruka juu, na nyati hupita usiku kama ng'ombe waliopotea. Hapo hakuna anayeumwa kichwa. Siku ya katikati tulitembea kupanda hadi kwenye msitu wa mianzi, tukarudi kulala chini. Wenzangu walinung'unika: kwa nini tupande halafu tushuke? Nikawaambia, hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Usiku wa nne tulipiga hema kando ya njia, karibu mita 3,000, mahali askari wa mbuga aliyetusindikiza alipotuonyesha. Kumbuka sehemu za juu hutembei peke yako. Ndovu na nyati wapo, na msindikizaji mwenye bunduki si pambo. Usiku huo nililala kwa shida kidogo. Nilikuwa nikishtuka kama mtu aliyesahau kupumua. Mwongozaji akaniambia ni kawaida, mradi kichwa hakiumi.

Usiku wa tano na wa sita tulilala Koroborte, kambi iliyo juu ya mwisho wa njia ya gari, mita 3,500 na zaidi. Hapa ndipo eneo walipolala vijana wetu usiku wao wa kwanza mlimani, nasi tulifika siku ya tano. Kambi hii imependwa kwa sababu moja kubwa: kuna maji ya kijito. Mlimani kambi haiwekwi penye mandhari mazuri. Inawekwa penye maji, penye kitu cha kukinga upepo, na penye ardhi tambarare kiasi cha hema. Ukiviona vitatu hivyo mahali pamoja, jua watu walilala hapo kabla ya ramani yoyote kuchorwa.

Kutoka Koroborte kilele cha Koitoboss ni mwendo wa saa tatu hadi nne kwa mtu wa kawaida. Kina zaidi ya mita 4,100. Mimi nilifika baada ya saa tano. Pale juu unaona shimo la volkano ya kale, bonde pana la kilomita nane hivi kutoka ukingo hadi ukingo, limejaa nyasi na mimea mirefu ya ajabu iliyosimama kama watu waliojitanda. Ng'ambo ile ni Uganda. Tulikaa nusu saa, tukashuka kulala Koroborte, na kesho yake tukarudi langoni. Hakuna aliyetapika kati yetu.

Iko njia nyingine, inayopita Kimilili, Kapsokwony na Kaberwa hadi nyika za Chepkitale, nchi ya Waogiek. Hiyo iko karibu zaidi na sisi wa Misikhu, nayo ina kambi chache na huduma chache. Wenyeji wa huko walilala milimani na mifugo yao vizazi na vizazi kabla ya neno mbuga kuingia, na ukienda kwa njia hiyo mwongozaji wa haki ni mwenyeji.

Wenzetu wa milima mingine

Ukitaka kujua kama ratiba yako ni ya haki, itazame milima mingine ya Afrika Mashariki.

Upande wa Uganda wa mlima huu huu, njia ya Sasa huanzia Budadiri, kiasi cha mita 1,250. Usiku wa kwanza watu hulala Sasa River Camp, mita 2,900. Usiku wa pili Mude Cave, mita 3,500. Ndipo wanapanda Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya Elgon, mita 4,321. Siku ya kwanza inavunja miguu kwa kupanda, lakini tazama kitanda: hakijavuka mita 3,000. Usiku wa pili kimeongezeka mita 600. Si polepole sana, ila ni bora mara nyingi kuliko kutoka Kenya kwa gari na kulala mita 3,500 usiku wa kwanza. Waliojenga barabara upande wetu walitufanyia hisani ya miguu, wakatuachia mtego wa kichwa.

Kilimanjaro, njia ya Marangu, ina vituo vitatu vya nyumba: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo kama mita 4,700. Kati ya kimoja na kingine ni karibu mita 1,000, na hiyo ni haraka. Kwa hiyo wanaojali hulala Horombo usiku mara mbili. Njia ya Machame ina hila nzuri: mchana unapandishwa hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu unashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonja kimo, ukalala mahali unapoweza kupumua.

Mlima Kenya, njia ya Sirimon, usiku wa kwanza ni Old Moses, mita 3,300, na wa pili Shipton's, mita 4,200. Anayetoka Mombasa leo na kulala Old Moses kesho ameanza vibaya. Alale kwanza Nanyuki, ikiwezekana usiku mara mbili, na Old Moses pia mara mbili.

Baridi, sufuria na mapango

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kiasi cha nyuzi sita na nusu. Siku ambayo Mombasa ni nyuzi 30, Koroborte mchana inaweza kuwa nyuzi saba au nane, na usiku maji ya kwenye chupa yakaganda. Koti la kuendea Nairobi halitoshi. Beba mfuko wa kulalia wa baridi kali, godoro jembamba la kutandika chini ya mfuko huo (ardhi hukunyang'anya joto kuliko upepo), kofia ya sufu, na soksi kavu za kulalia tu, zisizotembelewa mchana.

Jambo lililonichekesha ni jikoni. Nilibeba mbaazi na mchele, Mpwani hasahau. Kule juu maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 88 hivi, na kwa kuwa hayapandi zaidi ya hapo, chakula hakiivi. Mbaazi zilichemka kutoka alasiri hadi usiku na zikabaki kokoto. Wali ukatoka nje bwabwa, ndani mbichi. Chukua chakula kinachoiva upesi: uji, tambi, viazi vilivyokatwa vidogo, chapati zilizopikwa chini, tende. Maji yenyewe yakichemka sawasawa ni salama kunywa hata kwa nyuzi hizo. Kunywa mengi, kwa sababu hewa ya juu ni kavu na unapoteza maji kwa kuhema bila kujua.

Kuhusu choo, nawaomba kama jirani. Mito ya Elgon ndiyo inayotuletea maji sisi wa chini, na mingi huishia kwenye Nzoia inayoporomoka pale Nabuyole, Webuye. Unachokiacha kando ya kijito cha kambi kinateremka hadi kwenye ndoo zetu. Nenda mbali na maji, hatua mia moja au zaidi, chimba, fukia. Takataka shuka nazo.

Mapango nayo yana kisa chake. Elgon ina mapango mengi, na zamani familia nzima zilikaa humo pamoja na ng'ombe wao. Msafiri Joseph Thomson aliyapitia mwaka 1883. Pango la Kitum ni maarufu kwa ndovu wanaoingia usiku kukwangua chumvi ukutani. Vijana huona raha kulala pangoni. Mimi nasema usilale. Mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliokuwa wametembelea Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa, na baadaye wataalamu walithibitisha kwamba virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Wageni wengi huingia na kutoka salama, lakini kutazama mlangoni ni jambo moja, na kulala chini ya popo ni jambo jingine. Hema yako inatosha.

Dalili, na yale ya kwetu Pwani

Kichwa kikiuma ukiwa juu ya mita 2,500, na pamoja nacho kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kukosa hamu ya kula, chukulia ni kimo mpaka ithibitishwe vingine. Usipande zaidi. Kaa hapo hapo, pumzika, kunywa maji. Ikipungua kesho, endelea. Isipopungua, shuka.

Ziko dalili zisizongojea kesho. Kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, kusinzia kusikoamshika: ubongo unavimba. Kuhema hata ukiwa umekaa, kikohozi, povu mdomoni: mapafu yanajaa maji. Hapo mgonjwa anashushwa saa ile ile, iwe usiku, iwe mvua, hata kama safari ya watu kumi inavunjika. Kushuka hata mita 500 hadi 1,000 huweza kumrudishia mtu uhai wake. Dawa ya maumivu inaficha kichwa kuuma, haiondoi uvimbe. Iko dawa ambayo madaktari huwaandikia watu kabla ya kupanda, lakini usimeze ya kuazimwa na rafiki. Kuna wanaodhurika nayo.

La mwisho linatuhusu hasa sisi. Pwani na Magharibi mwa Kenya ndiko selimundu ilikoenea, kwa sababu ile ile iliyoeneza malaria. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima mrefu. Upungufu wa oksijeni ndio unaozipinda chembe za damu yake. Hata yule aliyerithi upande mmoja tu, asiyeumwa na chochote nyumbani, ameshapata kutokea mlimani akashikwa na maumivu makali ya wengu, ubavu wa kushoto. Wengi wa aina hiyo hupanda salama, lakini wajue hali yao mapema na wamuulize daktari. Wengi wetu hatujawahi kupimwa. Kipimo ni cha damu tu. Pima kabla ya kununua viatu.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa

Nimewasikia wanaosema siku saba ni nyingi na ni ghali. Ni kweli. Kila usiku wa ziada ni ada ya mbuga, ni chakula, ni malipo ya mwongozaji. Ndiyo maana wapangaji wengine huzipunguza, na bei ikishuka wateja hufurahi. Lakini kinachokatwa pale ni zile siku mwili ulizokuwa unazihitaji ili uizoee hewa, na hilo halimo kwenye tangazo.

Kwa hiyo mtu akikuletea ratiba, mwambie akuandikie mbele ya kila usiku jina la kambi na kimo chake. Kisha toa usiku mmoja kutoka mwingine. Ukiona juu ya mita 3,000 kitanda kinaruka mita 1,000 kwa usiku mmoja, muulize siku ya kupumzika iko wapi. Ukiona usiku wa kwanza mlimani uko mita 3,500, weka pesa zako mfukoni. Muulize pia: mtu akizidiwa usiku, anashushwa na nani, kwa gari gani? Asiyekuwa na jibu la hilo hajapanga safari.

Mwana wa kakangu alipona kabisa. Kwa muda alikuwa akiona haya, akidhani alishindwa na mlima mbele ya wenzake. Nilipomtumia picha yangu niko Koitoboss, nimejifunga leso juu ya koti, alinipigia simu. "Shangazi, wewe umefikaje na magoti yale?" Nikamwambia nililala njiani mara nyingi kuliko yeye.

Anataka kuja tena Disemba hii. Nimemwambia aje wiki nzima kabla, na kwamba usiku wa kwanza ni hapa kwangu, Misikhu, wa pili Kitale, na mwongozaji ni yule yule. Damu ameshapima.